Huyo "He" ni Nani?

"Sista, utaanguka!" mtu alimpigia kelele kutoka kwenye benchi la wagonjwa, lakini Kathini alikuwa ameshavuka lango la kituo cha afya cha Kyandumbi na kuingia njia ya miguu. Barua ilikuwa ndani ya bahasha ya plastiki, bahasha ilikuwa ndani ya sweta, na mkono wake ulikuwa juu ya sweta kana kwamba amebeba kifaranga.

Kuna watu ambao furaha huwaingia usoni. Kathini ilimwingia miguuni. Siku aliyofaulu mtihani wa uuguzi alitembea kutoka barabara kuu mpaka nyumbani, kilima baada ya kilima, akasahau kabisa kwamba duniani kuna pikipiki. Leo alikuwa akishuka vilima vya Kilungu katikati ya mashamba ya watu, akiruka matuta, akisalimia huku na huku bila kungoja jibu, na waliomwona walijua kwamba kuna jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Chuo kilikuwa kimetangaza nafasi za kozi ya nusukaputi kwa wauguzi, yaani kazi ya kumlaza mgonjwa asisikie kisu, kumlinda akiwa usingizini na kumwamsha salama. Maombi yalikuwa yanafungwa leo saa kumi na moja jioni. Fomu alikuwa ameijaza kwenye simu. Vyeti vilikuwa nyumbani. Kilichokosekana ni barua ya mkubwa wake wa kazi, na Daktari Mwangangi, ambaye kila alipokumbushwa alisema "kesho, Sista, kesho", alikuwa amempa mchana huu, imepigwa muhuri, ukurasa mzima. Ukurasa mzima! Kathini hakuisoma. Aliona jina lake juu na sahihi chini, akashukuru mara nyingi kuliko heshima inavyodai, na saa ya chakula ilipofika akatoka mbio kwenda kuchukua vyeti.

Ukitaka kujua kwa nini alikimbia hivyo, ungezunguka nyuma ya wodi ya uzazi. Hapo kulikuwa na thieta mpya, imepakwa rangi vizuri, taa kubwa ya upasuaji bado imevaa nailoni yake, na mlangoni kuna kufuli. Kaunti ilijenga, ikaleta meza, ikaleta na mashine. Mtu wa kulaza wagonjwa haikuleta. Muli, muuguzi aliyekuwa akifanya zamu pamoja na Kathini, alikwenda kusomea kazi hiyo, na wote wakangoja arudi afungue mlango. Alipomaliza akapata kazi Mombasa. Kwa hiyo mama wa Kilungu aliyehitaji kupasuliwa bado alitiwa kwenye ambulensi na kuteremshwa hadi mjini Wote, kona juu ya kona, na mara nyingi aliyekaa kando yake alikuwa Kathini. Aliijua barabara hiyo vibaya. Alijua ni kona ipi ambapo mama huacha kulia na kuanza kunyamaza.

Muli na Kathini walikuwa na cheti kimoja, kutoka chuo kimoja. Lakini wagonjwa wa Kyandumbi walimwita Muli "Daktari", na Kathini wakamwita "Sista". Hakuna aliyekusudia ubaya.

Mama mkwe wake, Syokau, alikuwa ameketi mlangoni pa jikoni akiambua mbaazi mbichi. Mwanawe Gedion, mume wa Kathini, alikuwa mjini Kwa Vonza akijenga hosteli za wanafunzi, na Syokau ndiye aliyekuwa serikali ya boma hilo.

"Nani anakufukuza?" aliuliza kwa Kikamba.

"Barua, mwaitu! Daktari ameandika!" alijibu Kathini, akimwita mama kwa lugha hiyo hiyo.

"Basi nisomee."

"Ni ya Kiingereza."

"Si una mdomo? Igeuze."

Muda ulikuwepo kidogo, na furaha ilikuwa nyingi, na ukweli ni kwamba Kathini mwenyewe alikuwa na hamu ya kusikia akisifiwa. Alisimama wima kama msomaji wa neno kanisani, akaikunjua barua, akaanza kuigeuza sentensi kwa sentensi.

"'Nimemjua Bi Kathini kwa muda mrefu kama mama mcha Mungu, mpole na mnyenyekevu.'"

"Ĩĩ," alisema Syokau. Ndiyo.

"'Ameolewa vizuri, na amejaliwa watoto wawili wenye adabu.'"

"Ĩĩ. Wale hata mimi nimewalea."

"'Wakati wote ana tabasamu, na hajawahi kugombana na mtu.'"

Syokau aliinua macho. Alikuwa na mambo ya kusema juu ya hilo, lakini akayaweka.

"'Anapenda usafi. Hutupikia chai sisi wafanyakazi wote, na akiambiwa jambo hutii bila maswali. Ingawa ana kazi nyingi za nyumbani, hujitahidi kufika mapema.'" Sauti ya Kathini ilikuwa imeanza kupungua, bila yeye kujua sababu. Mstari wa mwisho ulikuwa na neno gumu la Kiingereza, neno la taasisi, na Kikamba hakikumletea jingine kwa haraka isipokuwa nyumba. "'Atakuwa baraka kwa nyumba yoyote itakayompokea.'"

Mbaazi zilikuwa zimeacha kuanguka kwenye sufuria. Syokau alijifuta mikono kwa leso, polepole.

"Sasa hao watu wako wapi?"

"Watu gani, mwaitu?"

"Wa hiyo nyumba. Mbuzi wa ntheo wameleta, ama wanakuja na karatasi peke yake? Na Gedion ameambiwa?"

Hakuwa anatania. Mbuzi wa ntheo ndio wanaopelekwa kwa wazazi wa msichana ili ahesabiwe kuwa ameolewa, na maneno aliyokuwa amesomewa Syokau alikuwa ameyasikia katika kila boma alilowahi kusindikiza mbuzi hao: mpole, hagombani, anapika, anatii, nyumba itabarikiwa. Kathini alicheka mpaka akashika mlango. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na Syokau naye, alipoelezwa, akacheka akijipiga paja. Kisha kicheko cha Kathini kikakwama katikati kama chakula kilichoingia njia isiyo yake.

Aliisoma tena, safari hii kwa macho tu. Alitafuta damu. Alitafuta sindano, mshipa, mtoto aliyezaliwa bila pumzi akapumua. Katika ukurasa mzima hakukuwa na mgonjwa hata mmoja. Chai ilikuwamo.

Alimpigia Muli. Muli alikuwa Mombasa, na nyuma yake kulisikika kelele za wodi.

"Ile barua Daktari alikuandikia, bado uko nayo?"

"Ile? Aki ilikuwa fupi tu, hata niliona haya kuituma. Ngoja nikutumie picha."

Picha iliingia. Ilikuwa fupi kweli. Bwana Muli huamua haraka, na mikono yake haitetemeki. Nimemwona akiokoa maisha. Ningemkabidhi mama yangu mzazi. Basi, sahihi, muhuri. Halafu Muli akatuma sauti: "Kwa interview waliniuliza hiyo ya mama yake tu. Walisema mtu akiandikiwa hivyo, maswali si mengi. Wewe tuma yako mapema, si ulisema inafungwa leo?"

Na Muli, ikiwa ni lazima mtu aseme ukweli wote, ndiye aliyekuwa akipika chai nzuri kuliko wote pale kituoni. Alitia tangawizi. Hilo halikuandikwa.

Kathini aliona hasira, na mara moja akaionea haya hasira yenyewe. Mwangangi alikuwa mtu mwema. Mtoto wa Kathini alipolazwa, ni yeye aliyemshikia zamu. Baba yake alipofariki, ni yeye aliyesimama kaburini kwenye jua kali mpaka mwisho. Akikudharau adui yako unajua la kufanya. Lakini mtu akupendaye akuweke chini huku anakupapasa kichwa, hasira hiyo utaipeleka wapi?

"Basi nitume hivi hivi," alisema. "Muda umeenda. Bora kuwa na barua."

"Mimi nikiuziwa mbegu mbovu narudisha," alisema Syokau, na kuanza tena kuambua mbaazi. "Halafu sina mtu wa kuoza hapa. Enda."

Kathini alivikusanya vyeti vyake, akakipanda kilima.

Daktari Mwangangi alikuwa ofisini kwake akila muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kutoka kwenye kontena, miwani imeteremka puani. Kwa vyeti vyake alikuwa afisa wa kliniki, lakini vilima vyote vilimwita Daktari, naye aliishi kulingana na jina hilo. Kanisani alikuwa mzee, na kwa miaka mingi ndiye aliyeandika barua za washirika wanaohamia kanisa jingine. Alikuwa na Kiingereza kizuri cha kalamu, safi, kilichopigwa pasi.

"Sista! Umeshatuma?"

"Bado, Daktari. Nimerudi na barua."

"Iko na spelling mbaya?"

"Spelling iko sawa."

"Ama muhuri haikushika?"

"Daktari," alisema Kathini, "hii barua haina mgonjwa."

Mwangangi aliichukua, akaisoma tangu juu. Alipofika chini alionekana ameridhika nayo zaidi kuliko alipoanza.

"Lakini nimekusifu! Nimekusifu mpaka kalamu ikachoka. Muli hata nilimwandikia kidogo tu."

"Muli ulimwandikia kazi. Mimi umeniandikia tabia."

"Na tabia si kitu kizuri? Siku hizi nani ako na tabia?"

"Ni kitu kizuri. Lakini hawa wanatafuta mtu wa kulaza wagonjwa, hawatafuti mtu wa kuoa. Mama Gedion ameniuliza kama mbuzi wamefika."

Kathini alitumaini Daktari atacheka. Hakucheka. Alisukuma kontena ya muthokoi pembeni na kufunika, ingawa ilikuwa bado nusu.

"Kwa hivyo barua yangu imepelekwa kwa boma, ikachekwa."

Neno *pole* lilimpanda Kathini mpaka kwenye meno. Kwetu neno hilo ni la bure. Mtu akijikwaa mwenyewe unampa pole, akipiga chafya unampa, na mwanamke hulitoa hata kabla ya kujua ni nani aliyekosa. Kathini alilimeza. Lilishuka kwa shida.

"Sawa," alisema Mwangangi hatimaye, bila kumtazama. "Computer ndiyo hiyo. Keti ujiandikie. Kile unataka kiandikwe, andika. Mimi nitasign tu."

Wakubwa wengi hufanya hivyo, na lilikuwa jambo la bahati, ingawa yeye alilisema kama adhabu. Kathini aliketi. Miguu ilikuwa inamchezacheza chini ya meza. Basi ni hivi tu! Ataandika mwenyewe, kila kitu, damu na sindano na zile kona zote!

Vidole vilianza. Kathini ni mfanyakazi mwenye bidii. Alifuta, ilikuwa kama barua ya mtu anayeomba kufagia. Kathini husaidia katika wodi ya uzazi. Husaidia? Ni nani mwingine aliyekuwa katika wodi ya uzazi? Alifuta. Kathini hujitahidi. Kathini amejaribu. Kathini kwa msaada wa Daktari. Aliandika na kufuta, akaandika na kufuta, na alipoinua macho saa tisa ilikuwa imepita na kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na mistari mitatu, yote ya mtu mpole aliyesimama kando huku wengine wakifanya kazi. Hata yeye, mwenye mikono yenyewe, hakuweza kumwingiza mgonjwa ndani ya barua. Kathini alitaka kulia, na pia alitaka kucheka. Ugonjwa aliouona kwa Daktari ulikuwa umemwambukiza yeye zamani.

Alikizungusha kiti.

"Daktari, nisimulie siku ya Kavata."

"Unaijua. Si ulikuwepo?"

"Nisimulie tu."

Sasa, siku ya Kavata haikuwa hadithi ya kuombwa mara mbili. Mwangangi alikuwa ameisimulia kwenye chai ya saa nne, kwenye harusi, kwenye harambee ya kanisa, na mara moja kwenye matanga mpaka wafiwa wakasahau kulia. Alijaribu kununa kidogo zaidi. Kisha akavua miwani.

"Mvua ilikuwa inanyesha," alisema.

"Ĩĩ."

"Mvua gani ile! Kavata amezaa, mtoto yuko sawa, analia. Lakini kondo la nyuma limekataa kutoka. Nangoja, limekataa. Nikashika kamba ya kitovu, nikaanza kuvuta." Alikuwa amesimama sasa, na mikono yake ilivuta kamba hewani. "Mimi nimevuta hizo miaka yangu yote. Na wewe, ukiwa hapo kando, ukaweka mkono juu ya tumbo ya mama, ukasema, 'Daktari, toa mkono!' Si kwa kuomba! Ulinifokea kama mtu anafukuza nyani kwa mahindi!"

"Na wewe?"

"Na nikatoa! Nitafanya nini? Sauti kama hiyo! Tumbo lilikuwa limelegea kabisa, na mimi sikuwa nimelishika, nilikuwa na haraka. Ningevuta tena, kizazi chote kingegeuka kitoke nje, mama akufie hapo. Ukangoja. Ukadunga dawa, ukangoja. Kondo likaja peke yake. Nikasema asante Yesu. Halafu damu!" Alipiga meza, na kontena ikaruka. "Damu kama mfereji! Ukaingiza mkono, ukafanya ngumi huko ndani, na huu mwingine juu ya tumbo, ukafinya kizazi katikati, hivi! Tukakubeba wewe na mama kama mzigo mmoja tukawatia kwa ambulensi. Ikakwama kwa matope, tukasukuma, na wewe hujatoa mkono! Kona zote hizo, hujatoa mkono! Tumefika huko mjini, wale wakubwa wanakuambia sasa toa, na wewe unawauliza, 'Damu yenu ya kuongeza iko wapi kwanza?'"

Alicheka mwenyewe, akihema. Kwenye dirisha walikuwa wameshatokea wagonjwa wawili waliovutwa na kelele.

"Daktari," alisema Kathini, "hiyo ndiyo barua."

Mkono wa Mwangangi ulibaki hewani, umekunja ngumi.

"Unasema hivyo, vizuri namna hiyo, kila mahali. Kwa karatasi tu ndiyo husemi. Iseme kwa Kiingereza, mimi nipige."

Mwangangi alimtazama, akaitazama kompyuta. Akafunga mikono nyuma ya mgongo na kuanza kutembea kutoka dirishani hadi mlangoni, kama alivyofanya akitunga barua za kanisa. Mwanzoni maneno yalikuja yamevaa tai. Lakini mvua ilipoanza kunyesha ndani ya Kiingereza chake, alipata moto, akasahau pasi, na vidole vya Kathini vikawa vinamkimbilia nyuma.

"*He put his hand on the abdomen,*" alisema Mwangangi. "*He saw what I did not see. He told me*—"

Vidole vikasimama.

"Daktari, huyo 'he' ni nani?"

"Nani?"

"Umesema *he told me*."

"Ah! Si ni wewe!" Alicheka. "Ni ulimi, Sista. Sisi Wakamba na hizo he na she, unajua vile tuko."

Kathini alijua. Kikamba, kama Kiswahili, humweka mwanamume na mwanamke katika silabi moja ndogo mbele ya kitenzi, na hakuna anayedai kubaguliwa. Kiingereza huwatenganisha tangu mlangoni, "he" kwa mwanamume na "she" kwa mwanamke. Wazee wa Kilungu wamekuwa wakimwita Malkia "he" tangu zamani, na mbingu hazikuanguka. Angeweza kucheka naye na kuendelea. Badala yake aliinua ile barua ya kwanza.

"Kwa hii hukukosea hata mara moja," alisema. Hakuwa na hasira tena. Alikuwa kama mtu aliyegusa mshipa alioutafuta muda mrefu. "Angalia. Kwa chai, ni she. Kwa tabasamu, she. Kwa kutii, she, she. Sasa tumefika kwa damu, imekuwa he."

 Mwangangi aliipokea barua, akaisogeza karibu na macho kwa sababu miwani ilikuwa mezani. Midomo yake ilikuwa inasonga. Nje mtoto alilia kwa kuchomwa sindano, akabembelezwa, akanyamaza.

"Haki ya Mungu," alisema polepole.

Aliketi. Kwa mara ya kwanza mchana huo alionekana na umri wake.

"Nisomee yenye umeandika."

Kathini alisoma. Alipofika pale walipokuwa wamekomea, Mwangangi aliendelea, lakini sasa alienda kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. "*She... saw. She*, andika *she*, *what I did not see.*" Mara moja akateleza tena, akajipiga kinywa. "Toa hiyo! *She!*" Wagonjwa dirishani hawakuelewa Kiingereza chote, lakini walielewa kwamba kuna mtu anashindana na kitu, na wakawa upande wake.

Kisha akafika kwenye mkono.

"Hapo," alisema, na kukohoa. "Hapo kwa mkono. Hatuwezi kuandika *we decided*, tuliamua sisi? Unajua hao watu wa chuo, wengine ni mimi niliwashika mkono wakija field hapa kama wanafunzi. Wananijua. Wakisoma kwamba muuguzi aliniambia nitoe mkono..."

Hakumaliza. Alikuwa anaomba, na hakuwa amezoea kuomba. Saa ya ukutani ilikuwa imeshapita kumi. Kathini aliwaza kozi, akawaza thieta na nailoni yake, akawaza pia mzee huyu amesimama kaburini pa baba yake juani. Neno *we* lilikuwa dogo. Lingeingia bila kelele, na barua ingekuwa bado nzuri mara mia kuliko ile ya kwanza.

"Ni barua yako, Daktari," alisema. "Lakini ukiandika *we*, watasema ni wewe. Hata mimi ningesoma ningesema ni wewe."

Vidole vyake vilikaa juu ya herufi bila kubonyeza. Hakusema pole. Hakutabasamu. Alingoja, kama alivyongoja siku ile mkono wake ukiwa juu ya tumbo la Kavata, na kungoja huko kulikuwa kugumu kuliko kukimbia.

"Andika," alisema Mwangangi. "*She told me to remove my hand.*"

Akabonyeza.

"*And I removed it.* Nukta. *She was right.* Nukta." Alipumua kama aliyeutua mzigo na bado hajaamini. Kisha jambo fulani likamjia usoni, jambo la utundu kabisa. "Muli nilimwandikia ile ya mama yangu, sivyo? Mama ameshaenda, Mungu amlaze pema. Siwezi kumkabidhi tena. Andika hivi. *I have a hernia.*"

"Daktari!"

"Andika!"

Kituo kizima kilijua kuhusu ngiri ya Daktari Mwangangi, na kituo kizima kilijifanya hakijui. Miaka yote aliwatuma wengine kwenye kisu na yeye akavaa mshipi wa kuibana na kukaa kwa uangalifu. Akiulizwa alisema anangoja wakati wa Bwana. Kila mtu alifahamu kwamba anaogopa, si kisu, bali kule kulazwa, kumwachia mtu mwingine pumzi zake.

"*I have a hernia,*" alirudia, kwa sauti ya kutosha hata dirishani, "*which I have refused to operate for many years because of fear. We have a theatre. When she comes back, I will be the first on that table. I want it to be...*" Alisimama. Alilitafuta neno kwa makini, akalipata, akaliweka. "*...she.*"

Wa kwanza kulazwa kwenye thieta ile angekuwa Daktari mwenyewe, na wa kumlaza awe Kathini. Kathini alipiga herufi hizo tatu na kioo kikawa na ukungu. Alijifuta kwa kiwiko cha sweta. Printa ilikohoa, ikaitoa karatasi ikiwa na joto. Mwangangi alitia sahihi amesimama, akapiga muhuri mpaka meza ikatikisika, na wakaipiga picha karibu na mwanga wa dirisha, wagonjwa wakiambiwa wasogee wasitie kivuli.

Mtandao wa Kyandumbi una tabia zake. Kile kiduara cha kutuma kilizunguka, kikasimama, kikazunguka. Walitoka nje, Kathini mbele, simu imeinuliwa juu, Mwangangi nyuma akimwelekeza, "Kushoto, kushoto kidogo, hapo kwa tangi," na benchi zima likageuka kuwatazama. Kwa tangi kiduara kilipata nguvu. Kilizunguka mara moja zaidi, kisha ujumbe ukatokea kwamba maombi yake yamepokelewa.

Alipiga kelele. Si kelele ya mpole. Mama mmoja kwenye benchi alimpigia kigelegele bila kujua sababu, na mwingine akamjibu, na kwa muda mfupi ukumbi wa wagonjwa wa nje wa Kyandumbi ulikuwa na furaha kuliko harusi.

Kulipotulia, Mwangangi alikuwa bado hajarudi ndani. Alikuwa amesimama kando ya tangi, akitazama mabonde yanavyoshuka kuelekea barabara kuu, mkono mmoja juu ya mshipi wake.

"Sista," alisema kwa sauti ya chini, ili benchi lisisikie. "Hiyo nusukaputi. Mtu akiwa huko ndani, huwa anaota?"

Kathini alifikiri. Alitaka kumpa jibu la kumtuliza, na alikuwa nalo tayari mdomoni.

"Sijui bado, Daktari," alisema.

Mwangangi aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mgonjwa aliyeambiwa siku ya kurudi. Upepo ulipanda kutoka bondeni ukapeperusha koti lake jeupe, naye hakuinua mkono kulishika.